Kitabu cha Bahari Husomwa kwa Kalamu

Hotuba kwa vijana wanaojifunza kuendesha mashua na majahazi, Lamu

Assalamu alaykum. Wazee wangu manahodha, shikamooni. Kina mama, walimu, wageni wetu, hamjambo? Na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kuchomoka mapema, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimepewa kazi nzito. Kuzungumzia kujifunza ubaharia kwa vitabu ni jambo jepesi ukiwa Nairobi. Ukiwa Lamu, mbele ya watu walioshika usukani kabla ya kushika kalamu, inabidi uchunge maneno. Najua kinachosemwa hapa: bahari haisomwi kitabuni. Nimeyasikia hayo gatini, nimeyasikia barazani, na hata sasa mzee mmoja safu ya kwanza ananitazama akitabasamu kwa sababu anajua nimekuja kumpinga.

Mzee wangu, sikupingi lote. Nusu ya neno lako ni kweli tupu. Hakuna ukurasa utakaoufundisha mkono wako lini ulegeze demani, ile kamba ya kuongozea tanga. Upepo ukikaza ghafla, mkono ama unajua ama haujui, na ukianza kufunua kurasa chombo kimeshalala ubavu. Vivyo hivyo mafundo: shika kamba, fuata picha, rudia mpaka uweze kufunga gizani, yameisha, hatuna haja ya kuyahutubia.

Nusu ya pili ndiyo iliyonileta. Mabaharia waliosifika kuliko wote katika Bahari hii ya Hindi walikuwa wasomaji, na wengi wao waliandika. Ila walisoma kwa namna yao. Walikisoma kitabu kama mwenye duka anavyokagua hesabu za karani wake: kalamu mkononi, jicho kali, na bila aibu ya kusema hapa pamekosewa. Usomaji wa namna hiyo ndio ninaotaka tuujadili.

Tuanze nyumbani. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yanayoeleza pwani hii ni kitabu cha safari za baharini. Kiliandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, nacho hujulikana kwa jina la Periplus wa Bahari ya Eritrea. Mwandishi wake hajulikani. Ndani yake hamna mashujaa wala majini. Anakuambia ukitoka bandari hii utakwenda siku ngapi kufika ile, wapi pa kutia nanga, watu wa mahali wananunua nini na wanauza nini. Akifika huku kwetu, nchi anayoiita Azania, anataja vyombo vidogo vilivyoshonwa kwa kamba, na sisi tuliosikia habari za mtepe, chombo chetu cha kale cha kushonwa, hatuhitaji maelezo zaidi. Anataja manahodha wa Muza, bandari ya Yemen, ambao waliijua pwani, wakaijua na lugha ya watu wake, wakaoa humu humu. Kisha anafika Rhapta, soko la mwisho la Azania, na baada ya hapo anasema wazi kwamba bahari ya mbele haijachunguzwa.

Nampenda mtu huyu kwa maneno yale ya mwisho. Angeweza kujaza kurasa mbili za uzushi na hakuna ambaye angemkamata. Mkichagua kitabu cha bahari, tazameni kama mwandishi anakuonyesha ujuzi wake unaishia wapi. Asiyeonyesha, msiende naye mbali.

Sasa tupige hatua ya miaka 1,400 na kitu, tumfikie Ahmad ibn Majid. Huyu alikuwa mtu wa Julfar, pande za Ras al-Khaimah ya leo. Baba yake alikuwa muallimu wa vyombo, yaani mwelekeza njia baharini, na babu yake vile vile. Mnamo mwaka 1490 alikamilisha kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawa'id, juu ya misingi ya elimu ya bahari: nyota, pepo za misimu, njia, alama za nchi kavu, na hata tabia anazotakiwa kuwa nazo muallimu. Pamoja na hicho alitunga mashairi mengi ya kuelekeza njia. Sababu wazee mnaijua: shairi hukaa kichwani hata karatasi ikilowa. Moja ya mashairi hayo linaeleza njia ya kwenda Sofala, Msumbiji ya leo, yaani linapita mbele ya milango yetu. Nakala yake ilikuwa imehifadhiwa Leningrad, ikachapishwa mwaka 1957.

Najua kuna mtu anangoja nimtaje Vasco da Gama. Da Gama alipata rubani Malindi mwezi wa Aprili 1498, akavuka, na mwezi wa Mei alikuwa pwani ya Calicut, India. Kwamba rubani yule alikuwa Ibn Majid ni habari iliyoandikwa baadaye, na wanahistoria wengi wa siku hizi hawaikubali. Tusipoteze jioni yetu hapo. Mimi kinachonishughulisha ni namna alivyowasoma waliomtangulia.

Baba yake alitunga shairi la beti elfu moja juu ya Bahari ya Shamu. Mtu mwingine angelifanya urithi mtakatifu, akalisoma kwa sauti kwenye sherehe, basi. Ibn Majid anasema babu yake alikuwa mjuzi wa bahari ile, baba yake akaongeza kwa majaribio yake mwenyewe, kisha ilipofika zamu yake akapima na kurudia kwa karibu miaka arobaini, akasahihisha. Anawaheshimu wazee wake kwa kuwakagua. Halafu anawageukia watu watatu mashuhuri wa zamani, walioitwa simba wa bahari, ambao vitabu vyao vilikuwa vikinakiliwa na mabaharia wengi. Anakiri walifanya kazi, lakini anasema walikuwa wakusanyaji wa maneno, hawakujaribu: bahari waliyoijua kwa miili yao ilikuwa sehemu ndogo tu. Na bila haya anajihesabu yeye kuwa simba wa nne. Majivuno alikuwa nayo, tusimfiche. Lakini kipimo alichoweka ni cha haki: umeandika, je, umejaribu?

Mfano wa kazi yake ni kipimo cha nyota. Mabaharia wale walikuwa na kibao kidogo chenye kamba katikati, kinaitwa kamali. Kamba ina mafundo. Unashika fundo kwa meno, unanyoosha kibao mbele mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa macho na ukingo wa juu uguse nyota. Fundo likishika, unajua uko usawa wa bandari fulani. Unageuza chombo, unakwenda mashariki au magharibi mpaka uione nchi. Nyota yenyewe ilikuwa Jaa, nyota ya kaskazini, na urefu wake ulihesabiwa kwa vidole. Lakini kadiri unavyoshuka kusini Jaa inazama. Ibn Majid hakumwacha msomaji wake gizani: anamhamisha kwenye Farkadani, nyota mbili zilizo jirani na Jaa, na hizo zikishuka anamhamisha kwenye Na'ash, kundi kubwa zaidi. Alikuwa amefika huku, au alikuwa ameuliza vizuri waliofika.

Sasa chukua kitabu cha kisasa kilichochapishwa Uingereza. Sura ya nyota inaanza: usiku ukipotea, tafuta Nyota ya Kaskazini. Nenda Shela usiku wa leo uitafute. Lamu iko digrii 2 na kidogo kusini mwa ikweta, na nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Kijana atakitupa kitabu aseme kinadanganya. Hakidanganyi, kiliandikwa mahali pengine. Chukua kalamu, andika pembeni: huku haionekani, tumia Msalaba wa Kusini. Mstari mrefu wa Msalaba ukiurefusha kama mara nne na nusu unafika kwenye ncha ya kusini ya mbingu, na kwa hapa kwetu ncha hiyo karibu inagusa maji, kwa hiyo inakuonyesha kusini kwa usahihi wa kutosha kurudi nyumbani. Ukishaandika hivyo, kile kitabu kimeanza kuwa cha Lamu.

Kuna kosa la namna hiyo lenye hatari kubwa zaidi, nalo ni la dhoruba. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Februari 1845, karibu na Mauritius, jahazi moja la milingoti miwili liitwalo Charles Heddle lilishikwa na kimbunga. Nahodha alifanya ambalo wengi wetu tungefanya: alilipa upepo mgongo, akakimbia nao. Alikimbia siku baada ya siku, kwa muda wa siku tano. Upepo ulikuwa unabadilika polepole na yeye anaufuata. Alidhani anaikimbia dhoruba, kumbe alikuwa anaizunguka, tena na tena, kwa sababu upepo wa kimbunga wenyewe unazunguka. Jahazi lilipona. Na nahodha alikuwa na kitu kimoja ambacho kimetufikisha hapa: batli, daftari la safari. Kila saa alikuwa ameandika upepo umetoka wapi na chombo kimeelekea wapi.

Batli ile ilifika Calcutta, mezani kwa Henry Piddington, aliyekuwa akikusanya batli za meli zilizopita dhoruba. Akachora njia ya jahazi kwenye karatasi, na mzunguko ukaonekana waziwazi. Mwaka 1848 akatoa kitabu cha mabaharia juu ya kanuni za dhoruba, na pamoja nacho kadi mbili za kuona upande wa pili zenye duara la pepo, moja ya kaskazini mwa dunia na moja ya kusini. Unaweka kadi juu ya ramani, unalinganisha na upepo ulionao, unajua jicho la dhoruba liko upande gani. Fikirini: aliyeteseka hakuelewa, na aliyeelewa hakuwa chomboni. Waliunganishwa na daftari.

Kadi zilikuwa mbili kwa sababu kaskazini mwa ikweta kimbunga huzunguka kinyume cha mishale ya saa, na kusini huzunguka kufuata mishale ya saa. Vitabu vingi mtakavyovipata vinaanza na kaskazini: uelekee upepo, dhoruba iko mkono wako wa kulia. Huku kusini uelekee upepo, dhoruba iko mkono wa kushoto, nyuma kidogo. Baharia wa Lamu au Mtwara anayekariri bila kalamu ataukimbilia ule upande unaomuua.

Na hata Piddington alisahihishwa. Yeye alichora duara kamili. Baadaye Charles Meldrum, huko huko Mauritius, alionyesha kwamba upepo hujipinda kuingia ndani, ndiyo maana nikasema nyuma kidogo. Kitabu kilisahihishwa kwa batli nyingine.

Mtaniambia Lamu haina vimbunga. Kweli, karibu na ikweta huwa havifiki. Lakini majahazi ya Lamu hayaishii Lamu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Mwaka 2019, Machi na Aprili, Idai na Kenneth vilipiga Msumbiji. Na mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, kwenye eneo la Mafia. Mtu anaweza kuvua miaka hamsini asikutane nacho hata mara moja, kisha akakutana nacho safari moja. Mambo ya namna hiyo hayafundishwi na mazoea, kwa sababu mazoea yake hayapo. Hapo mzee wangu wa safu ya kwanza naomba unipe pointi moja. Asante, umeinua kidole, nimekiona.

Mtu wa mwisho ninayetaka kuwasimulia ni Nathaniel Bowditch. Alizaliwa Salem, Massachusetts, mwaka 1773. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi kwa sababu ya umaskini, na alipofika kumi na miwili akafungwa uanagenzi katika duka la vifaa vya meli. Usiku alisoma. Alijifunza Kilatini peke yake ili aweze kumsoma Newton. Kati ya 1795 na 1803 alisafiri safari tano, na chomboni alikuwa na kitabu kilichotegemewa na kila mtu siku hizo, cha Mwingereza John Hamilton Moore. Bowditch akaanza kukagua majedwali yake, namba moja moja. Alikuta makosa kama elfu nane.

Baadhi yalikuwa madogo. Mengine yaliua watu. Moore aliuhesabu mwaka 1800 kuwa mwaka mrefu, wenye Februari ya siku 29. Haukuwa. Miaka ya kufunga karne haiwi mirefu isipogawanyika kwa 400. Kwa hiyo kuanzia Machi ya mwaka ule jedwali la jua lilikuwa limekosea kwa siku nzima. Mwezi wa Machi jua husogea karibu dakika 24 za digrii kwa siku moja, na kila dakika hiyo ni maili moja ya bahari. Nahodha anapima jua la adhuhuri kwa uangalifu wake wote, anafungua kitabu, na kitabu kinamweka maili 24 kutoka pale alipo. Usiku anakutana na mwamba. Kuna meli zilipotea kwa kosa hilo.

Mwaka 1802 Bowditch alitoa kitabu chake mwenyewe. Alikuwa na sharti: asiweke humo jambo ambalo hawezi kumfundisha baharia wa kawaida. Na alilijaribu sharti hilo. Katika safari moja yenye mabaharia kumi na wawili, kila mmoja wao, mpaka mpishi, aliweza kupima mwezi na nyota, kupiga hesabu na kuonyesha chombo kilipo. Hesabu hizo wakati ule zilikuwa zinawashinda manahodha wengi wenye vyeo. Nikiambiwa kijana wa Faza au Kizingitini hawezi hesabu za bahari kwa sababu hakufika chuo kikuu, namkumbuka mpishi yule. Jina lake sijaliona mahali, na hilo linaniudhi.

Siku ya Krismasi 1803, katika theluji nene, Bowditch aliingiza meli yake bandari ya Salem. Nchi haikuonekana. Alikuja kwa hesabu, akapata mwanga wa mnara kwa kitambo kidogo, akajua pale alipo, akaingia. Kitabu chake kinatolewa na serikali ya Marekani mpaka leo, kinasahihishwa kila toleo, na mtu yeyote anakipata bure kwenye intaneti. Ni kinene. Usianze ukurasa wa kwanza uende wa mwisho, utalala.

Sasa tuje Mkanda, maana mmechoka na Massachusetts.

Kila mtu hapa anajua mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, hupitiki maji yakiwa yamekupwa. Wazee wanautazama mkoko, wanaangalia mizizi imefunikwa mpaka wapi, wanajua. Kitabu kina njia yake, inaitwa kanuni ya sehemu kumi na mbili. Chukua tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa. Tuseme bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, mita 3. Igawe kwa kumi na mbili, unapata sentimita 25. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Yaani sentimita 25, kisha 50, 75, 75, 50, 25.

Wakati wa bamvua maji yetu hujaa alasiri, kama saa kumi na kitu, na yanakuwa yamekupwa kama saa nne asubuhi. Kwa hiyo saa sita mchana yamepanda sentimita 75 tu, na saa saba tayari ni mita moja na nusu. Ndani ya saa moja umepata kina kinachopitisha chombo au kukikwamisha. Na kwa kuwa saa sita hadi saa nane ndipo maji mengi yanapoingia, ndipo mkondo ulipo mkali kuliko wakati wote. Mwenye mashua ndogo anayebisha dhidi ya upepo anataka kuyajua hayo kabla ya kutweka tanga.

Lakini chukueni kalamu. Kanuni hii inadhani maji yanapanda bila kizuizi. Katika vijito vya mikoko maji huchelewa, na mchanga huhama baada ya kila kusi. Jedwali la maji hutolewa kwa bandari kubwa. Ukiingia ndani zaidi, saa zinakuwa nyingine. Hiyo tofauti, ya dakika ngapi na wapi, hakuna aliyeiandika. Iko vichwani mwa watu waliokaa humu ndani.

Jambo la pili la kitabuni ambalo halikwepeki ni kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, za mwaka 1972, zilizoanza kutumika 1977. Nitataja mbili tu. Vyombo viwili vya tanga vikikaribiana na kila kimoja kinapata upepo ubavu wake, kinachopata upepo kutoka kushoto ndicho kinachopisha. Vikipata upepo ubavu mmoja, kilicho goshini, upande upepo unakotoka, kinampisha aliye demani, upande upepo unakokwenda. Ya pili: chombo cha tanga chenye urefu chini ya mita 7, kisipoweza kubeba taa kamili, lazima kiwe na tochi au fanusi tayari ya kuonyeshwa kwa wakati. Najua ngalawa ngapi zinatoka hapa usiku bila hata kiberiti. Rubani wa meli kubwa haoni kitambaa cheupe gizani, na simu yenye chaji asilimia nne haihesabiwi kuwa taa.

Tatizo letu, na hapa sitalaumu mtu, ni kwamba vitabu hivi karibu vyote ni vya Kiingereza, na mwandishi anamsemesha mtu mwenye boti ya fiberi, injini na friji. Tanga letu la pembe tatu na foromali yake, ule mti mrefu linaofungwa, haliguswi, au linapewa aya moja, na picha. Jinsi ya kulipitisha foromali mbele ya mlingoti wakati wa kugeuza chombo, jambo linalohitaji watu watatu wanaosikilizana, sijaliona limeelezwa vizuri mahali popote. Ninyi mnalifanya kila siku.

Ndiyo maana kila kijana anayejiunga na mafunzo haya atapewa daftari. Ukurasa wa kushoto, andika lisemwalo na kitabu. Ukurasa wa kulia, andika ulichokiona: tarehe, mwezi una siku ngapi, upepo ni kaskazi au matlai au umande, bildi, ile risasi ya kupimia kina, imetoa pima ngapi, saa ngapi mashua iliponyanyuka kutoka mchangani. Msiandike insha. Mkipata kinachopishana, piga mstari, muulize nahodha, uandike na jibu lake.

Niliahidi maswali, na mikono imeshainuka.

Binti huyu anauliza aanze na kitabu gani. Mwanangu, anza na jedwali la maji la mwaka huu, ulisome kila asubuhi kabla ya kutoka, mpaka uweze kukisia maji kabla ya kufungua. Kisha kanuni za kugongana, zile zinazohusu matanga na taa. Baada ya hapo mfungue Bowditch, sura za ramani, dira na hali ya hewa. Nyota ziache mpaka umeshazoea hizo.

Kijana wa nyuma anasema simu ina ramani na inaonyesha pale alipo, kitabu cha nini. Itumie, mimi pia naitumia. Lakini ramani hiyo ya simu imejengwa juu ya vipimo vya zamani mahali pengi. Pwani hii ilipimwa na manowari za Kapteni William Owen wa Uingereza katika miaka ya 1820, kwa bildi na kamba, na kuna vijito ambavyo hata baadaye havikupimwa vizuri. Simu inakuonyesha wewe uko wapi kwa usahihi mkubwa. Mchanga uko wapi, hiyo ni habari nyingine.

Na sasa mzee wangu wa safu ya kwanza amesimama. Anasema: mimi sikusoma, batli yangu ataiandika nani? Mzee, swali lako ndilo lililonipasa kuanza nalo. Baba yake Ibn Majid alitunga beti, na beti hukaririwa na asiyesoma. Wewe sema, mjukuu ataandika, na asiyeandika vizuri atarekodi kwa simu kisha tutaandika pamoja. Tunachoomba ni uwe tayari kuulizwa ovyo ovyo, mara tatu tatu, umejuaje, lini, mwezi ulikuwa wapi. Vijana hawa hawatakuwa wanakukosea adabu.

Anasema sawa, ila anataka kutuonyesha Mkanda kwanza, kwa sababu hesabu zangu za sentimita 75 hazijamwingia. Basi tumekubaliana. Jumamosi hii tunatoka na mashua mbili, saa tano asubuhi, maji yakiwa yanapanda. Kila mtu avae jaketi la kuelea, hata anayejua kuogelea. Wawili watashika bildi, mmoja saa, mmoja daftari, na mzee atakaa shetri, nyuma ya chombo, atuambie wapi hesabu imekosea.